Tunasoma Alisi sura kwa sura na wanangu, tumefika ya 7 nimekwama, naombeni mawazo

MamaPili

Habari za usiku jamani. Mnivumilie nitaandika kwa urefu maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Nina watoto wawili, binti ana miaka 10 na mdogo wake wa kiume ana 6, na tuna utaratibu wetu, kila usiku baada ya kula, umeme uwepo usiwepo, nawasomea sura moja ya kitabu. Sasa hivi tuko kwenye Alice's Adventures in Wonderland cha Lewis Carroll, kile cha mwaka 1865. Kopi yangu ni ya Kiingereza niliipata kwa wauza vitabu vya mtumba, kwa hiyo nachofanya napitia ukurasa kwa macho halafu nawasimulia kwa Kiswahili, na Alice anakuwa Alisi. Sura zipo 12.

Niwaeleze tulivyokuja. Sura ya 1 walitulia wote wawili, Alisi kakaa ukingoni mwa mto na dada yake, dada anasoma kitabu hakina picha hakina mazungumzo, mara sungura mweupe anapita kavaa kizibao, anatoa saa mfukoni, anasema nachelewa nachelewa. Mdogo akaanza kucheka hata sijafika mbali, namuuliza unacheka nini ananiambia "mama, huyo sungura leo atamdanganya nani?" Yaani anasubiri ujanja! Kwenye hadithi zetu sungura ndo anayemuweza simba, anamuweza fisi, sasa huyu anakimbia tu, anatetemeka, anamuogopa Duchess (mimi nawasimulia kama Bi Mkubwa), na kila usiku mwanangu ananiuliza kama ule ujanja umefika. Mpaka sura ya 4 haujafika.

Sura ya 2 ya bwawa la machozi waliipenda mno. Alisi karefuka anapita futi tisa, analia mpaka ukumbi unajaa maji, halafu anafupika anaanza kuogelea kwenye machozi yake mwenyewe. Sura ya 3 ndo matatizo yakaanza, maana Panya anasema ana hadithi ndefu na Alisi anadhani anaongelea mkia, kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatamkwa sawa, kwa Kiswahili nikaanza kueleza na ukishaanza kueleza utani basi umeshaufukia. Ya 4, ya 5, ya 6 tukaenda hivyo hivyo, pengine kicheko pengine kimya.

Juzi sura ya 7, chai ya vichaa. Yule mtengeneza kofia anamuuliza Alisi kitendawili, kunguru na meza ya kuandikia vinafanana nini. Watoto wakaruka, wakaanza kutaja majibu, nikaendelea kusoma na mimi nina hamu, kumbe jibu halipo! Anaulizwa jibu anasema sina hata wazo. Mdogo alikasirika akaingia ndani ya neti akageukia ukutani. Na dada yake akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijamjibu: "Mama, hivi Alisi anataka nini hasa?" Maana kweli, kila sura anakutana na mtu mwingine, anatukanwa, anaondoka. Nikafunga kitabu pale pale katikati ya sura na sijakifungua tena.

Sasa naomba kujua, nyie mliosoma na watoto mliipitaje hii? Niruke mbele niende kwa Malkia? Na binti nimjibu nini?

SabaYaUru

Mama Pili usiruke tafadhali!! Umefunga kitabu ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Rudi sura ya 1, Alisi anapopata ule ufunguo wa dhahabu juu ya meza ya kioo, anafungua kamlango kadogo ka inchi 15 tu nyuma ya pazia, anachungulia, anaona nini? Bustani. Maua yanayong'aa na chemchemi za maji baridi. Kichwa hakipiti. Anachotaka Alisi ni kuingia kwenye ile bustani, basi, na yale yote ya kunywa chupa na kula keki na kulia na uyoga ni kwa ajili ya hilo. Sasa kamalizie kurasa za mwisho za sura ya 7, akishaondoka pale kwenye chai anaona mti una mlango, anaingia, anajikuta kwenye ule ule ukumbi wa mwanzo, na safari hii anaanza kwanza kuchukua ufunguo NDIPO anakula uyoga mpaka anabaki futi moja, na anapita. Sura ya 1 alifanya kinyume, alifupika ufunguo ukabaki juu ya meza akakaa chini analia. Kajifunza. Mwambie binti hivyo.

mwalimu_mstaafu

Mama Pili mwanangu, hongera sana kwa kuwasomea watoto, na hongera kwa binti, swali lake hilo ningempa maksi zote.

Nimefundisha lugha miaka mingi na kitabu hiki nimekipenda tangu nikiwa chuoni, naomba nami niseme kidogo. Aliyekitunga jina lake halisi ni Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hesabu Oxford, na kilianza kwa mdomo kama unavyofanya wewe. Tarehe 4 Julai 1862 alipanda mtumbwi na mwenzake mmoja mchungaji aitwaye Duckworth, pamoja na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith, wakapiga kasia mtoni mpaka Godstow na njia nzima akawa anawatungia. Alice alikuwa na miaka 10, rika la binti yako. Ndiye aliyeomba iandikwe. Ule muswada wa kwanza alioandika kwa mkono wake akampa Alice Novemba 1864, na humo chai ya vichaa haimo, wala yule Paka anayetabasamu hayumo. Alivitia baadaye alipokuwa anatayarisha kitabu cha kuchapwa. Kwa hiyo sura hiyo unayotaka kuiruka mwenye hadithi alikaa chini akaiongeza kwa makusudi.

Juu ya kitendawili. Watoto wako wana haki kabisa kukasirika, kwa sababu wao wamelelewa kwenye utaratibu. Kwetu mtu akisema kitendawili, unasema tega, ukishindwa anakuambia nipe mji, unampa Dodoma au Mombasa, yeye anatamba kidogo kwamba alikwenda Dodoma akala akanywa akastarehe, halafu LAZIMA atoe jibu. Huyu wa kofia kachukua mji na jibu hakutoa. Hiyo kwa desturi yetu ni dhuluma, na nadhani hata Alisi anaisikia hivyo hivyo, maana anawaambia wangeutumia muda wao kwa kitu bora kuliko kuupoteza kwa vitendawili visivyo na majibu. Na wasomaji wa Uingereza nao walimsumbua mwandishi kwa barua mpaka mwaka 1896, kwenye dibaji ya toleo la mwaka huo, akaandika jibu, akakiri wazi kwamba kitendawili kilipotungwa hakikuwa na jibu lolote. Jibu lenyewe linachezea neno la Kiingereza ambalo ni noti za muziki na pia ni maandishi mafupi, kwa Kiswahili halina ladha. Ila mwambie kijana kwamba mzee alikaa na mji wa watu miaka 31, mwishowe akalipa.

Jambo la pili ni hao wahusika. Waingereza wana misemo yao, kichaa kama mtengeneza kofia, kichaa kama sungura wa mwezi Machi, kutabasamu kama paka wa Cheshire. Misemo hiyo ilikuwepo kabla ya kitabu. Ya kofia wengi huihusisha na zebaki iliyotumika viwandani kusindika manyoya, wafanyakazi walidhurika wakawa wanatetemeka na akili inachafuka. Dodgson akawachukua watu wa kwenye misemo akawakalisha mezani na vikombe. Ni kama mtu wa kwetu amchukue yule mgema wa kwenye methali, amlete na kibuyu chake, aanze kujibizana na mtoto kwa nini kalitia tembo maji. Ukilisema hivi binti ataliona mara moja.

Na kwenye sura ya 2 sijui ulifanyaje pale Alisi anapojaribu kughani shairi la shule likatoka vibaya. Kiingereza kulikuwa na shairi la Isaac Watts la kumsifu nyuki kwa bidii yake, kila mtoto alikaririshwa, na Alisi anafungua mdomo anatoka mamba anayewakaribisha samaki wadogo tumboni kwa tabasamu. Usitafsiri. Chukua wanachokaririshwa wao. Mimi darasani niliwaambia wanafunzi Alisi alitaka kusema haba na haba hujaza kibaba, ikatoka "mamba na mamba hujaza kibaba". Darasa zima liliangua kicheko na hapo hapo wakaelewa kwamba mtoto amechanganyikiwa hajijui ni nani.

BintiUnguja

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya mamba nimeichukua, ntawafanyia wangu wakitoka chuoni.

Dada Mama Pili mimi nilisoma na watoto wa dada yangu watatu hapa nyumbani, na nakuambia ukiacha kutafsiri maneno ukaanza kuyatafuta yaliyomo ndani ya Kiswahili chenyewe kitabu kinafunguka. Kwa mfano ule mkia uliokushinda, mi Panya wangu alisema "mkasa wangu ni mrefu na wa kusikitisha", Alisi akasikia mkia, akasema ni mrefu kweli lakini unasikitisha vipi? Mkasa, mkia. Si sawasawa ila kwa mtoto inatosha, anasikia mwenyewe huna haja ya kueleza.

Halafu ngoja ufike sura ya 8! Hapo Kiswahili kinashinda hata Kiingereza wallahi. Bustani imefunguka, na kitu cha kwanza Alisi anachokiona ni wafanyakazi watatu wanapaka rangi nyekundu mawaridi meupe, kwa sababu walikosea kupanda na Malkia akijua atawakata vichwa. Sasa wewe soma kwa sauti. Wana-PAKA. Na sura hiyo hiyo Paka anatokea, kichwa bila kiwiliwili. Wanapaka UA. Na Malkia anakuja anapiga kelele aUAwe huyu aUAwe yule. Nilipofika hapo nikasimama nikasema "ua!" na nikanyamaza, yule wa miaka 8 akaniuliza khalati unasema ua la mti au ua mtu? Mwenyewe! Sikumfundisha. Tulicheka mpaka mama akaja kuangalia kuna nini.

Na hawa ni karata. Wale wakulima ni shupaza, askari ni pau, wakubwa wa baraza ni uru, na Malkia na watoto wake ni kopa. Kama kwenu mnacheza karata toa pakiti uziweke mkekani wakati unasoma, wale wakulima ni ya mbili, ya tano na ya saba, wakilala kifudifudi mgongo unafanana na karata nyengine yoyote ndo maana Malkia hawezi kuwajua ni nani. Watoto wanaelewa kwa macho.

Saa sasa. Sura ya 7 saa ya wale vichaa imeganda saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mwenye kofia aliimba vibaya mbele ya Malkia, Malkia akasema anamuua Wakati, basi Wakati akasusa. Kwa Mzungu hiyo ni saa ya chai na ndo utani wao ulipo, ni chai daima hawana hata nafasi ya kuosha vikombe wanahama tu viti. Lakini kwetu saa kumi na mbili jioni ni saa gani? Ndo mchana unaisha, adhana ya magharibi iko njiani, kila mama anaita mtoto wake aingie ndani, na baada ya hapo tunaanza kuhesabu upya, saa moja ya usiku. Niliwaambia wanangu basi fikirini magharibi isiyoingia, mchana haumaliziki na usiku hauji, mko nje mnasubiri kuitwa na hamuitwi. Walinyamaza wote. Yule mdogo akanambia hiyo inatisha kuliko Malkia. Mi tangu siku hiyo nikiisoma ile sura siioni ya kuchekesha peke yake.

La mwisho ni sura ya 6, mtoto mchanga aliyegeuka nguruwe mikononi mwa Alisi. Nilitaka kuiruka kwa sababu za nyumbani kwetu, nikaona hapana, nikasoma kama ilivyo, na walichouliza si nguruwe, waliuliza kwa nini mama yake alimrusha. Bi Mkubwa anamrusha rusha mtoto huku anamuimbia na mpishi anatupa masufuria na pilipili manga imejaa hewani. Tukaongea hilo usiku ule kwa muda mrefu. Na yule kiwavi wa sura ya 5 anavuta buruma, wanangu wakasema shisha, sawa shisha.

msomaji_wa_Nakuru

Hamjambo watu wangu. Mimi si mzazi, mimi husoma na watoto wa mtaa wetu kila Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa, wako kama kumi na tano hivi wa miaka 9 mpaka 13, na Alisi tulimaliza mwezi uliopita kwa hivyo bado iko moto kichwani. Wacha niongeze juu ya ile ya SabaYaUru, bustani ni kweli lakini kuna kitu ingine.

Tulichora mstari kwa ukuta na chaki, kila chapta tunaweka alama Alisi ana urefu gani. Chapta 1 anashuka inchi 10. Ya 2 anapita futi 9. Ya 5 akiongea na kiwavi ako inchi 3 na kiwavi mwenyewe ni inchi 3 kwa hivyo anakasirika akiambiwa ni kafupi. Mwisho wa hiyo ya 5 anajirekebisha inchi 9 ndio aingie kwa nyumba ya Duchess, halafu mwisho wa ya 6 futi 2 kuenda kwa nyumba ya sungura wa Machi. Ya 8 futi 1. Sasa ukiangalia huo ukuta unaona kitu, mpaka chapta 4 mwili wake unafanywa na vitu, anakunywa bila kujua itakuwa aje, mkono unatokea kwa dirisha mguu umeingia kwa chimni. Kuanzia chapta 5 ako na vipande viwili vya uyoga, moja mkono wa kulia moja wa kushoto, na yeye ndiye anaamua. Halafu chapta 11 kwa korti, anaanza kukua TENA na hajakula chochote. Hakuna keki, hakuna chupa. Yule panya mwenye usingizi anamwambia huna haki ya kukua hapa, na yeye anamjibu mbona wewe pia unakua.

Hapo msichana mmoja wa miaka 12, hua hasemi sana, alisema "ni ukweli, wananiambia hivyo nyumbani." Ati amekua sana, nguo hazitoshi, anakaa vibaya, anajibu watu. Sikuwa nimefikiria hiyo chapta hivyo kabla ya yeye kusema. Tuliacha kusoma tukaongea.

Halafu ya 12 mfalme anatoa sheria nambari 42, kila mtu mwenye urefu wa kupita maili moja atoke kortini, na anadai ndio sheria ya zamani zaidi kwa kitabu. Alisi anamuuliza basi mbona si nambari moja? Watoto walipiga makofi. Chapta 2 huyu alikuwa analia hajui kama yeye ni yeye ama ni msichana mwingine wa darasa lake, hata hesabu ya nne mara tano inamshinda anasema kumi na mbili. Sasa anashika mfalme kwa hesabu. Na Malkia akisema hukumu kwanza, uamuzi wa korti baadaye, anakataa hadharani.

Ya 10 ile ya densi ya kamba wa baharini mimi niliipitia haraka, naona inavuta sana.

BintiUnguja

Kaka wa Nakuru nakuunga mkono kwa yote, ila sura ya 9 na 10 usizipite hivyo! Kasa wa uongo ndo roho yangu. Kwenye picha za John Tenniel ana kichwa cha ndama na kwato, kwa sababu Waingereza walikuwa na supu ya kasa ya kuigiza iliyopikwa kwa kichwa cha ndama, sasa mwandishi kauliza basi huyo kasa wa kuigiza ni mnyama gani, akamtunga. Anakaa juu ya jabali analia anakumbuka shule yake ya baharini, na masomo yote majina yamepinda. Mi nilipinda ya kwetu: walifundishwa kusonya na kuandama badala ya kusoma na kuandika, halafu hesabu zile nne, kujisifu, kutoroka, kuzidiwa na kugombana. Watoto wakaanza kupinda ya kwao, jiografia na sayansi yote iligeuzwa usiku ule.

SabaYaUru

Kuzidiwa na kugombana 😂😂 hiyo ndo shule niliyosoma mimi.

Mama Pili kama utataka kuona wengine walifanyaje, kipo kwa Kiswahili mara mbili. Kimoja ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichapwa London mwaka 1940 na Sheldon Press, na kwenye picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Cha pili ni cha 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, kafasiri Ida Hadjivayanis. Ila usiache kuwasimulia wewe mwenyewe, maana unajua nini kinawachekesha wako.

mwalimu_mstaafu

Naongeza moja tu nililosahau, la sura ya 3. Kwenye zile mbio zisizo na mwanzo wala mwisho, ambapo kila mtu anakimbia atakavyo na wote wanatangazwa washindi, anayeziandaa ni Dodo. Waambie watoto ndege huyo si wa kubuni. Aliishi Morisi, kisiwa cha bahari hii hii yetu ya Hindi, hakuweza kuruka, mabaharia na wanyama waliokuja nao wakammaliza katika karne ya 17. Kichwa na mguu wa mmoja vimehifadhiwa makumbusho ya Oxford mjini alimoishi mwandishi. Kwa hiyo mnyama wa upande wetu wa dunia ndiye anayeamua wote wapewe zawadi, na Alisi ambaye ndiye aliyetoa pipi zote mfukoni anapewa kitu gani? Kastabani yake mwenyewe, ile ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona, imetoka mfukoni mwake ikarudishwa kwake kwa hotuba. Binti yako mwenye maswali umuulize hiyo ni haki?

MamaPili

Jamani nimerudi, nimekaa siku kadhaa kimya kwa sababu tulikuwa tunasoma. Asanteni sana na shikamoo mwalimu.

Usiku wa kwanza sikufungua kitabu kabisa. Nilimuita mdogo nikamwambia yule mwenye kofia alichukua mji wako hakukulipa, na mwenye kitabu alikuja kulipa baada ya miaka 31. Akauliza alipewa mji gani? Nikamwambia sijui, wewe ungempa upi? Akasema "ningempa Pangani lakini sasa namnyang'anya." Basi ikabidi tukubaliane Pangani imerudi ndipo tukaendelea, nikasoma kile kipande cha mlango kwenye mti. Nilipofika Alisi anachukua ufunguo kwanza, binti akakaa wima akasema "bustani! Ile ya siku ya kwanza!" Kumbe alikuwa anaikumbuka, ni mimi niliyesahau.

Sura ya 8 nikatoa karata kama ulivyosema BintiUnguja. Sikusema chochote kuhusu ua wala paka, nikasoma tu pole pole. Mdogo ndo aliyeshika paka na kupaka, dada yake akashika ua. Baadae binti akanyamaza kidogo akasema, kumbe bustani yenyewe ina watu wanaogopa. Nikamuuliza sasa ungekuwa wewe usingeingia? Akasema ningeingia, ila ningeingia nikiwa mkubwa.

Jana tumemaliza ya 12. Ile ya kukua kortini bila kula kitu nilimuachia binti asome mwenyewe kwa Kiingereza chake cha shule, nikawa namsaidia maneno. Alipofika Alisi anawaambia nyie ni pakiti ya karata tu, karata zote zikaruka juu, mdogo akachukua zile zetu za mkekani akazirusha zikafika mpaka juu ya kabati. Leo asubuhi nimezihesabu ziko 51. Ya saba ya shupaza hatujaiona, na mdogo anasema imekimbilia kwenye maua ya jirani kumalizia kupaka.

Mwalimu, la kastabani nimemuuliza. Amesema si haki, lakini ametaka kujua kama Dodo alijua ndo wa mwisho. Hilo nalo limenishinda, ukipata nafasi nisaidie.